Kidonge cha Asubuhi

Mama alipokuja kukaa kwetu Runzewe, miaka ya mwanzo ya themanini, nilikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miezi minane. Nilifundisha darasa la nne katika shule ya msingi, na mume wangu alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa hapo hapo nyumbani, uani, chini ya kibanda cha bati alichokisimamisha kwa nguzo nne. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua linazama, mtu aliyetafuta kitanda, mlango au jeneza alimkuta pale, randa mkononi, maranda yamemfika vifundoni.

Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua. Ukitoka ndani ya nyumba kwenda chooni ilikuwa lazima upite mbele ya meza ya mume wangu, hatua kama tatu kutoka aliposimama. Mimi sikuwahi kuliona hilo kuwa jambo. Nilipita pale kila siku, wakati mwingine nikamwambia chakula kiko tayari, nikaendelea na safari yangu.

Mama alikuwa mjane wa Samuye. Alilima pamba, mtama na karanga, na alikuwa na ng'ombe wachache aliowajua kwa rangi na tabia zao. Hakuwa mtu wa kuugua. Mwaka ule alianza kuumwa kichwa, hasa kisogoni, akawa anakifunga kwa kitambaa na kuendelea na jembe. Nilipokwenda likizo fupi ya mwezi wa nane nilimkuta amekaa kwenye kigoda saa za kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Nikampeleka hospitali, mjini Shinyanga.

Daktari alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akakijaza upepo, akatazama. Akahamia mkono wa pili, akarudia. Kisha akasema, "Mama, presha yako iko juu."

Mama alinigeukia, akaniuliza kwa Kisukuma, "Iko juu ya nini?"

Daktari, ambaye bila shaka alikielewa Kisukuma, alicheka kidogo, akavuta kiti karibu. Alimwambia kwamba damu inasukuma kwa nguvu mno ndani ya mishipa, na kwamba mwili wake unabakiza maji na chumvi kuliko unavyohitaji. Akampa vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya kaki. "Hivi vitakutoa maji kwa njia ya mkojo," alisema. "Utakwenda haja ndogo mara nyingi, hasa saa za mwanzo. Ndiyo kazi yake, usishtuke. Kimoja kila asubuhi. Hata ukijisikia mzima, usiache mwenyewe. Baada ya mwezi upimwe."

Kaka zangu walikuwa mbali, mmoja Mwanza na wawili machimboni, na sikuona nani angemfuatilia pale Samuye. Nikamshawishi aje kwangu mpaka presha itulie. Alikubali kwa sababu ya mjukuu. Alimkabidhi jirani ng'ombe wake, akafunga karanga kwenye gunia, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kikapu, tukapanda basi la Kahama.

Sasa lazima nieleze jambo la ukwe, maana ndilo lililotuponza. Kwa watu wa umri wa mama, mwanamke na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki. Ni heshima, na mama aliipenda heshima hiyo. Mume wangu ni Msumbwa wa upande wa Ushirombo, mtu wa kanisani, lakini kwao nako mkwe ni mkwe. Asubuhi alikuwa anachuchumaa mbali, anaangalia ardhi, anasema, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye anaitikia kutoka ndani bila kujionyesha. Siku nzima ilikuwa imekwisha hapo kati yao.

Wiki ya kwanza ilipita vizuri, au niseme niliamini hivyo. Wiki ya pili mume wangu alikwenda Rwamgasa kupeleka mbao kwa wachimba dhahabu, za kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke. Alikaa huko siku nane. Siku hizo nane mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Nikitoka shule nilimkuta uani, mtoto mgongoni, anapepeta karanga na kuimba. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma. Alikunywa maji, alikula, alikwenda mpaka kwa jirani kuomba moto.

Mume wangu aliporudi, mama akaanza kunywea. Akawa analala mchana. Uji nilioacha asubuhi niliukuta umeganda. Usiku miguu ilimkaza, misuli ya vigimbi inajifunga kama kamba, akawa anaisugua mpaka kunakucha. Nikimuuliza anasema, "Ni uzee, mwanangu." Nilidhani amekumbuka kwao, amekumbuka ng'ombe wake. Nikimuuliza kama amemeza dawa, anasema amemeza. Hakusema uongo. Mimi ndiye niliyeuliza swali nusu, sikuuliza amemeza saa ngapi.

Siku shida ile ilipotokea ilikuwa Septemba, jua linachoma hata kivulini. Nilikuwa ubaoni naandika hesabu za mafungu nikasikia mtu anagonga fremu ya dirisha. Alikuwa jirani yetu, mama mmoja mfanyabiashara wa chumvi na dagaa, ambaye wazazi wake walitoka pwani wakahamia bara zamani. Hakuwa amefunga hata mtandio vizuri.

"Mwalimu, njoo," alisema. "Mama yako ameanguka. Mtoto ni mzima, usiogope. Lakini njoo."

Njiani alinisimulia, na yaliyobaki mume wangu alinisimulia baadaye, kwa vipande vipande, maana hakupenda kuyasema.

Asubuhi ile mume wangu alikuwa na safari ya kwenda kufunga milango kwenye nyumba ya mtu upande wa pili wa mji. Mama alinisikia nikimuuliza kama atarudi kula, na alimsikia akijibu kwamba atashinda huko. Kwa hiyo nilipoondoka tu, mama akafungua bahasha yake. Kumbe kwa wiki mbili hakuwa anameza asubuhi. Siku nyingine alimeza jioni, mume wangu anapofunga karakana, ndiyo maana alikuwa halali usiku. Siku nyingine aliacha kabisa. Jana yake na juzi yake alikuwa ameacha, kwa hiyo siku ile alimeza viwili kwa pamoja ili kulipiza. Akajiona amepata nafasi, ua ni mtupu.

Lakini haikupita nusu saa mwenye nyumba ile akamtumia mume wangu ujumbe njiani kwamba mafundi wa ukuta hawajamaliza, milango isubiri. Mume wangu akavua koti lake, akarudi kwenye meza yake, akaanza kupiga randa.

Mama alikuwa chumbani na mtoto. Alikwenda chooni mara moja kabla hajajua kwamba mkwe wake amerudi. Baada ya hapo akasikia randa. Akakaa. Alikuwa amejinyima maji tangu jana yake ili haja isimsumbue, na chumba kile, chenye dirisha moja dogo, kilikuwa kimepata joto la bati. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto mgongoni, saa nzima, saa ya pili. Mwishowe hakuweza tena. Akainuka kwa haraka ili akimbie apite upesi bila kutazamwa. Alifika kizingiti cha mlango wa uani, dunia ikazunguka. Alichoweza kufanya ni kushika fremu na kujiachia taratibu mpaka chini, kifudifudi, ili asimlalie mtoto.

Mume wangu aliinua kichwa akamwona. Alisimama pale pale alipo, akamwita jirani kwa sauti. Hakuna aliyeitika, jirani alikuwa sokoni. Akaita tena. Mtoto analia, mama hasemi kitu. Alisimama, anasema, kama mtu aliyesahau kutembea. Halafu akaweka randa chini, akaenda. Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka juu ya maranda. Akampitisha mama mkono chini ya magoti na mwingine mgongoni, akambeba mpaka kivulini kwenye kibanda chake, akamlaza juu ya mbao za mninga alizokuwa anazinyoosha.

Mama alifumbua macho akaona ni nani. Akajifunika uso kwa khanga. Hapo ndipo jirani alipotokea sokoni, mume wangu akamtuma aje kuniita shuleni.

Tulipofika, jirani alitangulia kuingia, akamtoa mume wangu nje ya ua. Mama alikuwa amekaa, midomo imekauka, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Nguo zake zilikuwa zimelowa. Jirani akaleta khanga nyingine, tukambadilisha. Mama alilia. Si kwa maumivu. Alikuwa anarudia sentensi moja, "Amenibeba. Mkwe wangu amenibeba."

Tulimpeleka zahanati kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Mganga alikuwepo pamoja na nesi mmoja wa makamo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, Msukuma wa Kwimba. Walimpima presha akiwa amelala, kisha nesi akamsimamisha polepole huku amemshika kiuno, wakampima tena. Akisimama ilishuka ghafla. Mganga akasema leo asimeze chochote, wala kesho, mpaka apimwe. Wakamtundikia dripu.

Mganga alipotoka, nesi alivuta kigoda, akakaa karibu na kitanda. Akasalimia upya, kwa Kisukuma, kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Akauliza habari za Samuye, mvua za mwaka jana, bei ya pamba. Halafu akasema, "Mayu, hivi vidonge unavimeza saa ngapi?"

Mama akakunja pindo la khanga yake.

"Unavimeza jioni?"

"Wakati mwingine."

"Kwa nini jioni?"

Mama alinitazama mimi, akatazama ukuta. "Mkwe wangu anafanya kazi uani," alisema. "Njia inapita mbele yake. Nipite mara moja, sawa. Mara sita? Mara saba? Mama mzima, ninapita mbele ya mume wa mwanangu na kurudi, naye anajua ninakwenda kufanya nini?"

Wiki zote hizo niliishi naye nyumba moja na sikuliona. Nikazikumbuka zile siku nane za Rwamgasa, karanga na nyimbo.

Nesi hakucheka wala hakumkemea. "Mimi pia nina mkwe," alisema. "Ninakuelewa. Sasa nisikilize. Ukimeza jioni, usiku hulali, unainuka gizani, utaanguka uvunje nyonga. Ukiacha siku mbili halafu ukameza viwili, unajikamua kama nguo. Siku ukisahau, ukikumbuka mapema meza. Kama siku imeshakwenda, iache, kesho endelea na kimoja chako. Usilipize."

"Na maji?" mama aliuliza. "Dawa inatoa maji. Mimi nikinywa, si naijaza tena?"

Hilo swali lilikuwa la akili, na nesi alilichukua hivyo. Alimweleza kwamba dawa inaondoa yaliyozidi, lakini mwili hauwezi kukaa mkavu, hasa kwa joto lile. Anywe akisikia kiu, anywe kama watu wengine. Kuna wagonjwa, wenye moyo dhaifu na miguu iliyovimba, ambao daktari huwapimia maji, lakini yeye hakuambiwa hivyo. Kuhusu misuli kukaza, alisema dawa hiyo ikitoa maji hutoa na vitu vingine ambavyo misuli inavihitaji. "Unakula nini?"

"Ugali na dagaa. Mlenda."

"Mlenda unaweka magadi?"

"Mlenda usio na magadi ni mlenda?"

Nesi akacheka sasa. Alimwambia apunguze magadi, na dagaa walowekwe na kuoshwa kabla ya kupikwa, kwa sababu chumvi inairudisha kazi ya kidonge nyuma. Ale maharage, ndizi, viazi vitamu. "Hata michembe?" mama aliuliza, na alipoambiwa hata michembe, nilimwona anapata nafuu hapo hapo, maana alikuwa amekuja na kikapu kizima. Lakini nesi akamwonya kwamba misuli ikiendelea kukaza, au moyo ukipiga ovyo, asikae nayo nyumbani kwa matumaini ya michembe, aje. Na akiharisha au kutapika, aje aulize kabla ya kumeza. Na akiamka, asiruke kitandani kama msichana. Akae kwanza, miguu chini, ahesabu pumzi kumi, ndipo asimame.

Wakati tunaondoka nesi alinivuta kando. "Mwalimu," alisema, "ya dawa nimemaliza. Ya njia ya choo ni yenu."

Jioni mume wangu aliniuliza nesi alisemaje. Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye habari ya kupita mbele yake, aliinama akaokota msumari chini, akaunyoosha kwa nyundo ingawa haukuwa umepinda sana.

"Uhamishe meza?" nilimuuliza. "Ufanyie kazi mbele ya nyumba?"

Alifikiri. "Hata nikiwa mbele, ua ni ule ule. Nikija kuchukua ubao nitamkuta njiani. Ataendelea kusikiliza niko wapi." Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nyundo, "Nilipombeba alikuwa mwepesi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo."

Kesho yake, nikiwa shuleni, alikwenda nyuma ya nyumba, upande wa chumba cha mama, akaupima ukuta kwa futi kamba na kupiga mistari ya chaki. Kisha akaanza kuukata.

Niliporudi nilimkuta mama ameketi juu ya kikapu chake cha safari, khanga zimefungwa, gunia limefungwa. Ukutani kulikuwa na tundu la ukubwa wa mtu, vumbi la tofali kila mahali, na jua linaingia mpaka kitandani.

"Nirudishe Samuye," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Amevunja ukuta wa nyumba yake kwa ajili yangu. Nimeona. Anataka nitokee kivyangu na kuingia kivyangu, kama mpangaji. Nimemvunjia heshima siku ile, sasa ananitenga. Sina ubaya naye. Nirudishe tu."

Nilimweleza haikuwa hivyo, lakini hakunisikiliza, aliona namtetea mume wangu. Nikatoka nje kwa lile tundu. Mume wangu alikuwa amejibanza pembeni ya ukuta, mkono umeshika tindo, amesikia kila kitu. Hakuweza kuingia. Hakuweza kumwambia mama moja kwa moja. Akasimama pale alipo, amegeuzia ukuta mgongo, akaanza kuzungumza na mimi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mimi niliyekuwa mbele yake hatua mbili.

"Mwambie mama," alisema, "kwamba huu ni mlango wake. Utafungwa kwa ndani, komeo liwe kwake, si kwangu. Mwambie kutoka hapa mpaka chooni nitaweka ua wa matete, urefu kupita kichwa cha mtu. Atakwenda na kurudi hata mara mia, mimi sitamwona na sitajua."

Hapakuwa na haja ya kupeleka ujumbe. Sauti ya mama ikatoka ndani, naye akizungumza na mimi.

"Mwambie mkwe wangu kwamba ukuta umeshakatwa, mvua zikija utaanguka."

"Mwambie mama kwamba juu nimeweka boriti ya mninga. Hautaanguka."

"Mwambie," mama alisema, "siku ile alinibeba. Sikumshukuru. Sikumwambia wabeja."

Mume wangu alijifuta uso kwa mkono wenye vumbi la tofali, akaacha mstari mwekundu shavuni, akarudi kuchonga fremu. Nilipoingia ndani, mama alikuwa anafungua gunia.

Mlango ulichukua siku nne. Dukani hapakuwa na bawaba, miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, kwa hiyo aliufungia kwa vipande vya tairi, ukawa unafunguka bila kelele. Ua wa matete aliufunga pamoja na jirani yetu, ambaye alijitolea na kutoa maoni mengi kuhusu kila fundo. Baada ya siku mbili za kupumzishwa na kupimwa tena, zahanati walimruhusu mama aanze vidonge vyake upya. Kimoja, asubuhi, baada ya uji.

Nilihesabu naye. Jumapili baada ya misa tulimwaga vidonge kwenye sahani, tukaona kama vilivyobaki vinalingana na siku. Hakupenda mwanzoni, aliona nampima kama mwanafunzi. Baadaye akawa anavihesabu mwenyewe na kunionyesha, na siku moja nilipokosea hesabu alifurahi mpaka jioni. Asubuhi nilisikia mlango wake wa nyuma ukifunguka, mara moja, mara ya pili, na randa ya mume wangu ikiendelea upande wa pili wa nyumba. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imekwisha, na siku iliyobaki ilikuwa yake. Kichwa kiliacha. Misuli ililegea. Tulipokwenda kupimwa mwisho wa mwezi, nesi alitazama kipimo, akarudia, akasema, "Imeshuka vizuri," na mama akaniambia kwa Kisukuma kwamba sasa ndiyo ameelewa ilikuwa juu ya nini, ingawa alipoulizwa aeleze alikataa.

Mvua zilipoanza, kuhara kuliingia mjini. Mama alianza kuharisha siku ya pili baada ya mtoto. Nilikuwa najiandaa kwenda shule nikamkuta amekaa kitandani, bahasha ya vidonge mkononi, haijafunguliwa.

"Sijameza," alisema. "Nimekwenda chooni mara tano tangu kupambazuke, na si kwa sababu ya dawa. Nipeleke nikamuulize kwanza yule mama wa Kwimba."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakuwa amesahau. Tulikwenda wote watatu, mimi, mama na mtoto, tukarudi na pakiti za kuchanganya na maji, na maagizo kwamba kidonge kisubiri mpaka tumbo litulie na apimwe. Ilichukua siku tatu. Ya nne akaanza tena, bila kuongeza cha kufidia.

Alikaa kwetu mpaka mwisho wa mwezi wa pili, kisha palizi ya pamba ikamshinda kuisikia kwa redio tu, akataka kwao. Mganga aliridhika na presha yake, akamwandikia barua ya kupeleka hospitali Shinyanga ili aendelee kupimwa huko kila mwezi. Siku ya safari aliniuliza kama ameze kabla ya kupanda basi. Nesi alikuwa ameshamjibu hilo: siku ya safari moja kama ile angeweza kusubiri mpaka afike, mradi afike kabla ya mchana kwisha, na asifanye mazoea. Mume wangu alimbebea mzigo mpaka stendi, akitembea hatua ishirini mbele yake, bila kugeuka.

Chumba chake tuliendelea kukiita chumba cha mama, na aliendelea kukitumia kwa miaka mingi iliyofuata, kila mara nilipojifungua. Vidonge havikuisha maishani mwake. Kuna wakati dozi ilibadilishwa, kuna wakati dawa haikupatikana karibu ikabidi kaka yangu aifuate Mwanza, na kuna mwaka mmoja alijisikia mzima mno akaacha wiki mbili, kichwa kikarudi, naye akarudi kwenye bahasha yake bila kuambiwa na mtu.

Mara ya kwanza nilipomtembelea Samuye baada ya hapo, niliamka nikasikia ameshatoka. Nilimkuta kwa jirani yake, bibi mmoja aliyemzidi umri, wamekaa kwenye mkeka na vibuyu vya uji. Bibi yule alikuwa amepewa vidonge vya aina ile ile mwezi uliopita, akavichomeka kwenye nyasi za paa na kuviacha huko. Mama alikuwa amevitoa. Kila asubuhi alikwenda na uji wake, anakaa mpaka bibi ameze, naye anameza cha kwake kutoka bahasha yake mwenyewe.

Nilikaa nao kidogo. Baada ya muda mama aliinuka taratibu, akasimama akishika goti mpaka alipojiamini, akamnyooshea mwenzake mkono. Wakaondoka pamoja kuelekea chooni, nyuma ya zizi, wanaongea.

Waliporudi nilimuuliza mama kwa nini anakwenda naye.

"Peke yake anaona aibu, ana wakwe wawili pale," alisema. "Tukiwa wawili, watu wanaona tunatembea tu." Akachukua jembe lake lililokuwa limeegemea ghala, akaniuliza kama nitakwenda naye shambani au nimekuja kukaa.